Mshipa Uliolegea

Kipande cha mshipa wa panya mwenye presha ya kupanda, chembamba kama uzi, kilining'inia ndani ya maji ya uvuguvugu. Mtafiti alidondosha dawa ya usingizi, ile ya kuchomwa mshipani, akakodolea macho skrini.

Mstari unaoonyesha mkazo wa mshipa ukaporomoka. Mshipa ulikuwa umelegea!

"Mwalimu, njoo uone!" aliita.

Profesa, aliyeshikilia miaka yote kwamba mshipa wa presha ni mkaidi, hausikii dawa hiyo, aliinamia skrini nusura pua iiguse.

"Rudia."

"Nimesharudia mara sita."

Mzee akavua miwani, akaangua kicheko.

"Basi umenishinda, binti yangu. Kaa uandike makala ya utafiti huu. Jina lako litangulie, langu lifuate."

Akakaa. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, akaifuta, akaiandika tena.