Mchumba Aliyelala Chali

Shikamoo ilimfikia Fundi kutoka chini ya kompyuta.

Aliinama kidogo amwone aliyeitoa. Kijana alikuwa kitandani mchana kweupe, amelala chali, skrini ya kompyuta imening'inia juu ya uso wake kwa mkono wa chuma uliofungwa ukutani. Chini ya magoti kulikuwa na takia. Viwiko vilipumzika juu ya taulo zilizokunjwa. Kibodi yenyewe ilikuwa vipande viwili, kila paja na chake, na vidole bado vilikuwa vinabonyeza.

"Samahani, mzee, siwezi kuinuka ghafla. Nikikurupuka, skrini itanivunja pua. Namalizia mstari mmoja tu."

Marahaba aliimeza. Aitikieje salamu ya mtu aliyejitandaza kama shati lililoanikwa?

Alikuwa amemwacha mteja anamsubiri, akasugua mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akavaa shati lake la kutokea, yote kwa ajili ya kuja kumwona mwanamume aliyemtaka binti yake. Leo ndiyo siku ya kutoa jibu: wazee wa kijana waje nyumbani, au wabaki huko huko kwao. Na mwanamume mwenyewe ndiye huyu.

"Hii ndiyo kazi?" akamwuliza binti yake aliyesimama kando, kana kwamba kitandani hapakuwa na mtu.

"Ndiyo, baba. Anachora ramani za nyumba. Lile ghorofa linalojengwa karibu na kituo cha mabasi, kalichora yeye."

"Akiwa amelala?"

"Akiwa amelala."

"Basi wapangaji wake walale macho wazi. Ukuta uliochorwa na mtu anayesinzia, nao utasinzia."

Kijana alicheka, skrini ikatikisika juu yake. "Ni mgongo, mzee. Nikikaa kitini asubuhi moja tu, kuinuka mpaka nishikwe mkono. Lakini hivi nilivyo, nachora kutwa na siumwi popote."

"Mgongo!" Fundi alilitema neno hilo kama kokwa. "Mimi nina mgongo tangu wewe hujazaliwa. Kuna mtu amewahi kunisikia nikiulalamikia?"

"Hapana, baba," alisema binti, akauma mdomo asicheke.

Fundi alizunguka kitanda taratibu, mikono nyuma, kama anayekagua kitu alichoombwa akinunue na hana nia. Takia la magoti, akaguna. Kibao cha kuwekea kipanya, karibu na nyonga, akaguna. Bomba la plastiki la kunywea maji bila kuinua kichwa! Hapo hakuguna, alifumba macho tu. Kilichokuwa kimebaki, alifikiri, ni mtu wa kumgeuza ubavu.

"Hiyo taa isogeze kushoto," akasema. "Hapo ilipo inakupiga machoni, na mkono wako unajitilia kivuli."

Kijana alinyoosha mkono, akaisogeza. "Aisee! Kweli kabisa. Mzee umejuaje?"

"Mwenye macho yote mawili anajua," alijibu Fundi, akijichukia kwa kumsaidia. Kisha akamgeukia binti. "Nani aliyempangia upuuzi huu?"

"Mimi, baba."

"Wewe!"

"Mwanzoni alikuwa anarundika mito mitatu kichwani, shingo inapinda. Nikamwonyesha namna ya kulala afanye kazi bila kuchoka."

"Na wewe uliyaona wapi haya? Mama yako hajawahi kulala mchana hata akiwa na homa."

"Sikumtaja mama, baba."

Fundi hakumsikia. Jicho lake lilikuwa limenaswa na kimto kidogo kigumu chini ya shingo ya kijana. Kichwa kilikuwa kimekifunika karibu chote. Ilionekana kona moja tu, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Hata kimto cha shingo anacho, alifikiri, kama mtoto mchanga. Huyu akioa, mke wangu atapata wajukuu wawili kwa mpigo, mmoja wao ana ndevu.

"Nimeona ya kutosha," akasema. "Jibu langu ni..."

"Baba." Binti alimshika mkono haraka. "Mteja wako anakusubiri tangu asubuhi. Nenda kwanza kazini. Jibu utanipa jioni."

"Hata nikienda kazini mara mia, halitabadilika. Mwanamume anatafuta riziki yake akiwa wima."

"Jioni, baba. Nakuomba."

Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini pembeni mwa mdomo kulikuwa na kitu kingine, kama kicheko kilichofungiwa ndani. Fundi alishindwa kuyapatanisha hayo mawili. Akatoka bila kuaga, na nyuma yake akaisikia sauti ya kijana, ya upole, ikitokea kule kule chini ya skrini: "Kazi njema, mzee."

Alivua shati la kutokea njiani kabla hata hajafika gereji.

"Sasa hebu nieleze vizuri," alisema dereva wa lori, amechuchumaa kando ya gurudumu. Alikuwa amechoka kusubiri, na habari za watu zilikuwa zimemchangamsha. "Huyo mkwe wako mtarajiwa anafanyaje kazi? Amelala kifudifudi au kiubavu?"

"Chali! Mwanamume mzima, chali!" ilifoka sauti ya Fundi kutoka chini ya lori. Viatu vyake viwili tu ndivyo vilivyobaki nje. Kisha ukatokeza mkono uliojaa grisi, ukapapasa sakafu kulia, ukapapasa kushoto. "Hebu nisogezee hiyo taa. Na kimto changu cha shingo, kile cha uzi mwekundu, nani kakichukua?"