Mgeni Hutangulia

Kwa mara ya tatu Semeni, afisa ustawi wa jamii, alimkuta Bibi Tapkigen amelala barazani pa nyumba yake mpya, ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga. Kesho nyumba isiyo na mtu ndani ingepewa mwingine.

“Bibi, miaka sita wewe na wenzako mnalala nje tangu mfukuzwe msituni. Leo umepata mlango, unakataa kuingia?”

“Nani kakataa? Nakusubiri wewe.”

“Mimi?”

“Si wewe uliyenipa ufunguo ukakimbilia gari? Kwetu mwenyewe hatangulii. Mgeni anaingia, anakaa, ndipo mwenyewe anabisha. Hukuuliza.”

Semeni aliitazama fomu yake. Ilikuwa na maswali arobaini na mawili, na yote alikuwa ameyajibu mwenyewe.

Akapokea ufunguo, akavua viatu, akaingia na kuketi sakafuni katika chumba kitupu kilichonuka rangi. Bibi akaurudisha mlango, akakohoa, kisha akabisha hodi kwa lugha ya kwao.

Semeni hakuijua. Akausogelea mlango.

“Bibi, hapo nijibuje?”

Nje kikasikika kicheko, kisha neno moja, polepole, mara mbili.