Dhiraa Moja ya Kamba

Wasokotaji wote wa mtaa walikuwa wameshapimwa. Alibaki binti wa Fundi Kamba.

"Sokota dhiraa moja tu, mbele ya macho yangu," inspekta alisema. Miguuni pake palikuwa na mfuko uliofungwa. Humo mlikuwa na kamba ya mkonge mwitu aliyokutwa amefungwa nayo karani wa mwenye nyumba za mtaa mzima, siku hati zake zilipoibwa. Kamba yenyewe hakuna aliyeonyeshwa.

Fundi Kamba aliutazama mkono wa kushoto wa mwanawe. Bintiye ni mashoto tangu ananyonya. Mtu wa mashoto husokotea paja la kushoto, na kamba yake hupinda kinyume cha kamba za wenzake. Hata kipofu angeitambua kwa kuipapasa. Na siku ile ya wizi binti alirudi nyumbani akihema, chakula kikamshinda. Baba hakuuliza. Angeuliza nini?

Inspekta alipotoka kibarazani kupokea simu, mzee alimwinamia mwanawe. "Tumia mkono wa kulia."

Binti alitikisa kichwa. "Hapana, baba, wewe hujui..."

"Nyamaza! Unataka ukaozee jela?"

Inspekta akarudi. "Huyu husokotea mkono gani?"

"Wa kulia, afande," Fundi Kamba alidakia. "Kama baba yake."

Binti alifumba macho kidogo. Kisha akalowesha nyuzi, akazilaza kwenye paja la kulia, akaanza. Loo! Msokotaji aliyezoea kufanya kazi huku anapiga soga, leo kijasho chembamba kinamtoka. Kila baada ya vidole vinne, alipounga uzi mpya, paliota kinundu. Lakini kamba ilipinda kama za watu wote, na baba hakuwa ameomba zaidi ya hapo. Moyo wake ukashuka mahali pake.

"Vidole vyake vina baridi leo, afande," akamtetea, karibu acheke. "Vinundu hivi si kawaida yake."

"Si kawaida yake," inspekta alirudia. Aliipokea ile dhiraa, akaipitisha vidoleni polepole, kinundu hadi kinundu. Halafu akainama, akafungua mfuko.

Kamba iliyotoka humo ilipinda kama za watu wote, na kila baada ya vidole vinne ilikuwa na kinundu.

"Nilitaka kukwambia, baba," binti alisema, akasimama.