Mutu ya Arua

Askari wa Sudani, pale mpakani mbele ya Koboko, alinyoosha kidole hadi karibu kuligusa shavu la Rabia, kwenye chale tatu alizochanjwa na bibi yake utotoni.

"Wewe iko mutu ya Sudani," alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Alama inasema. Sudani pita. Uganda kaa kule, juani."

Kule juani walirundikwa wakimbizi walioshukiwa kuwa askari wa serikali ya Uganda iliyoangushwa, pamoja na wake zao. Bunduki ziliwazunguka. Nyuma, upande wa Koboko, mizinga ilinguruma.

Mama yake Rabia alimvuta nguo. "Kubali, mwanangu. Sema ndiyo tu."

Rabia hakuwahi kuiona Sudani. Sokoni Arua, mji wa Uganda alikozaliwa, walimzomea kwa ukoo wake wa Kinubi, uliotoka Sudani zamani, miaka nenda miaka rudi: "Nubi, rudi kwenu Sudani!" Naye hakuchoka kuwajibu kwamba kwao ni hapo hapo.

Chale zilimwasha kana kwamba amechanjwa asubuhi ile.

"Mimi mutu ya Arua," alisema.

Askari alikunja uso, akaelekeza bunduki kule juani.

Mama yake akajitwika mkeka wake, akatangulia kwenda kule juani.