Mistari ya Niemba

Mgeni hakubisha hodi. Aliingia biro, ofisi ya wakimbizi, bunduki begani, akasimama nyuma ya kiti cha Evodie, karani wa orodha ya maziwa.

“Mama, watu wa Niemba njo waasi. Uwatoe.”

Evodie akaichuja orodha. Mistari yao ikatoweka kwenye kompyuta, lakini jumla ya watoto wa kupewa maziwa ilibaki ileile: 412.

“Mbona haipungui?”

“Nimewaficha tu, Papa. Jumla inahesabu kila mutoto wa chini ya miaka mitano, hata asiyeonekana.”

“Uhesabu wanaoonekana. Ama hautarudi tena kwa hii biro.”

Asubuhi hiyo Evodie alikuwa amewaahidi mama wa Niemba maziwa. Mlangoni dereva wa lori la maziwa alikuwa akingoja karatasi.

Evodie akachapisha 412, akapiga muhuri, akampa dereva karatasi. Kisha akamtupia mgeni funguo za biro.