Reli ya Darubini

Kiboko alikuwa amekwisha kuua wachota maji wawili siku Bwana Shomvi, mkuu wa mji, alipoleta bunduki yake kwa Mashavu, fundi pekee wa silaha mjini pale. Alitaka ifungwe reli ya chuma kwa juu, na kwenye reli zipachikwe darubini, tochi na kamera.

"Kamera ya nini, Bwana Mkuu?"

"Watu wanione nikimpiga."

Mashavu alikaza skrubu moja moja, midomo kaibetua. Alipomaliza alimkabidhi bunduki na risasi. "Haya, pakia nione."

Mkuu aliigeuzageuza. Tochi aliiwasha, kamera akaibonya, lakini pa kutia risasi hakupajua.

Mara mayowe yakasikika kutoka mtoni. Mkuu alirudi nyuma hatua mbili. "Labda kesho," alisema, "jua likipoa."

Mashavu alisonya. Akamnyang'anya bunduki, akafungua skrubu zote, akaitupa reli na madude yake vumbini.

"Okota vyako."

Akatia risasi, akajifunga kanga kiunoni, akateremka mtoni peke yake. Mbele yake, ndege wote waliruka kwa pamoja kutoka kwenye matete.