Ng'ombe Aamue

“Basi ng'ombe aamue,” alisema mzee Nyamongo katika uwanja wa chifu pale Ntimaru.

Nyanchoka alishusha pumzi. Ng'ombe wake mwekundu alitoweka Jumamosi yeye akiwa kanisani kwa ibada ya Sabato, ndama akabaki analia zizini. Kesho yake akamwona kwa shemeji yake, Mirumbe. Mirumbe akasema huyo ni wake, amemnunua ng'ambo ya mpaka. Ng'ombe wekundu wamejaa tele. Mume wa Nyanchoka alikuwa kaburini, mwanawe kazini mbali, hakuna wa kumsemea. Na nyumba yake yote ilikula kwa maziwa ya ng'ombe huyo mmoja.

“Shemeji, turudi nyumbani tuongee kama watu,” alisema Mirumbe. Jasho lilikuwa linamtoka.

“Tutaongea ng'ombe akishanusa.”

Watu wakacheka. Hakuna mfugaji pale asiyejua kwamba ng'ombe humtambua mwanawe kwa pua, si kwa macho.

Damaris, mke wa mwanawe Nyanchoka, akaingia akimvuta ndama kwa kamba. Aliolewa juzijuzi tu kutoka Mbita, kwa wavuvi wa ziwani, na tangu ng'ombe apotee ndiye aliyemnywesha ndama yule kwa chupa, maziwa ya kuomba kwa majirani.

“Leo mtu wa samaki anatuletea ng'ombe,” Mirumbe akamchokoza.

“Samaki haibwi zizini, baba.”

“Na huyo ndama anang'aa kumshinda chifu,” mtu akadakia kutoka nyuma.

Kamba ilipofunguliwa, ndama akakimbilia kiwele cha ng'ombe mwekundu aliyefungwa katikati ya uwanja.

“Hiyo haihesabiki,” mzee Nyamongo akasema. “Mwenye njaa atanyonya hata ukuta. Tumngoje mama.”

Ng'ombe akageuza shingo. Akanusa mgongo wa ndama, akanusa chini ya mkia. Akapuliza pua kwa nguvu, akarudi kunusa tena. Kisha akamsukuma kwa pembe hadi akaanguka, na ndama alipoinuka kurudi kwenye kiwele, akapigwa teke la mbavu.

Mirumbe mwenyewe alichelewa kucheka.

“Ameamua,” mzee Nyamongo akasema, akiangalia chini.

Njiani Nyanchoka hakutoa chozi. Alitembea mbele, mgongo umenyooka, kama mtu anayetazamwa.

“Amemroga,” alisema. “Mirumbe amekwenda kwa mganga. Ng'ombe wangu mimi hawezi kumkana mwanawe hivi hivi.”

Damaris ndiye aliyelia, mkono mmoja shingoni mwa ndama.

“Na vile nilivyojitahidi, mama,” alisema. “Nimeamka alfajiri, nikamsugua mwili mzima kwa ile sabuni yangu ya harusi ili tusichekwe mbele ya watu. Nimerudia na kurudia, mpaka harufu yote ya zizi ikamtoka.”